GITAA LENYE JINA LA MTU: NAMNA YA KUTAMBUA LA KWELI NA LA BANDIA

(Hotuba iliyosomwa na kamati ya elimu mbele ya wanachama, Lodwar. Itarudiwa Kakuma.)



Tulipotangaza kwamba hotuba ya mwezi huu itakuwa juu ya magitaa, wako waliocheka. Walisema chama kimeacha habari za mishahara kikaingia katika ngoma. Hatukukasirika. Lakini twaomba mtusikilize, kwani jambo hili lilianza na fedha za wafanya kazi, likavunja urafiki wa wafanya kazi, na ilibaki kidogo lifike kortini.

Mwajua kwamba hapa mjini tunao wanachama ambao siku sita za juma ni madereva, wapishi, walinzi, waalimu na wafagiaji wa hospitali, na siku ya saba ni wapiga muziki. Hupiga harusini, hupiga kanisani, na wakati wa siasa hupiga mikutanoni. Malipo yake si makubwa, lakini kuna watoto wanaosomeshwa kwa malipo hayo. Kwa mtu kama huyo gitaa si kitu cha mchezo. Ni chombo cha kazi, kama mwiko ulivyo kwa mwashi.

Kikundi kimoja cha namna hiyo kina watu saba. Hatutakitaja jina, ingawa wengi wenu mnakijua. Walichanga kidogo kidogo kwa mwaka mmoja na miezi miwili hata wakapata Shs. 70,000/-. Wakamtuma mtunza hazina wao Kakuma, maana walisikia kuwa kuna mpigaji mmoja, Mkongo, ambaye amepata nafasi ya kuhamia nchi za mbali pamoja na jamaa yake na anauza vyombo vyake. Mtunza hazina akarudi na gitaa zuri la rangi ya asali. Kichwani limeandikwa Gibson, na chini yake jina la Les Paul. Usiku ule walilipiga hata majirani wakatoka nje kusikiliza.

Baada ya wiki tatu gitaa likaanza kukataa. Ukilipatanisha nyuzi, nyimbo mbili tu zimepotoka tena. Kile kitufe cha kugeuza sauti kikawa kinakwaruza kama redio iliyo mbali na mnara. Fundi mmoja wa redio akafungua kifuniko cha nyuma, akatazama, akasema, “Hili si la Marekani. Ni la bandia.”

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Wengine katika kikundi walisema mtunza hazina alinunua kitu cha elfu kumi na tano akala zilizobaki. Wengine wakasema maneno mabaya zaidi, kwamba hao wakimbizi wa Kakuma ndiyo kazi yao, kutuuzia takataka na kukimbia. Maneno hayo yakatoka kikundini yakaingia hotelini, yakatoka hotelini yakaenda stendi. Mtunza hazina, mtu aliyetunza fedha za wenzake miaka minne bila kupotea hata shilingi, akawa hasalimiwi.

Chama kiliombwa kusuluhisha. Tulimpigia simu yule Mkongo, kwani alikuwa bado hajasafiri. Hakujificha. Alituambia kwamba yeye alilinunua Nairobi kwa Shs. 80,000/- katika duka ambalo halikumpa risiti, naye alilipiga kanisani miaka miwili akiamini kuwa ni la kweli. Alikuwa na picha yake siku ya kulinunua, amelishika kifuani anacheka. Basi mtu aliyeuza hakudanganya, na mtu aliyenunua hakuiba. Mwongo alikuwa mbali sana na Turkana, wala hatutamjua jina lake.

Kwa nini tumewasimulia haya kwa urefu? Kwa sababu watu saba walitazama uso wa mwenzao kutafuta wizi, wakatazama kabila na kitambulisho cha muuzaji kutafuta wizi, na gitaa lenyewe lilikuwa pale mezani siku zote, lina majibu yote, wala hakuna aliyelitazama. Leo twataka kulitazama.

Kwanza, gitaa lenye jina la mtu ni kitu gani? Mwaka 1952 kampuni ya Gibson ya Marekani ilitoa gitaa la umeme la ubao mzima, ikalipa jina la Les Paul, mpigaji aliyekuwa na sifa kubwa huko wakati ule. Yeye alifariki mwaka 2009, lakini magitaa yangali yanatoka kwa jina lake. Kampuni ya Fender ilichelewa. Ilianza mwaka 1988 na gitaa la Eric Clapton, yule Mwingereza, na sahihi yake imeandikwa kichwani. Tangu hapo makampuni mengi yamefuata. Kwa kawaida mpigaji hukubaliana na kampuni, aseme shingo iwe hivi, sauti iwe hivi, nyaya ziungwe hivi, na jina lake hulipiwa. Kwa hiyo jina lile si pambo tu. Ni mapatano, na wanachama wa chama hiki hawahitaji kuelezwa mapatano ni kitu gani. Mtu akiandika jina hilo bila ruhusa huwa amemdhulumu mpigaji, amewadhulumu wafanya kazi wa kiwanda ambao sifa ya mikono yao ndiyo iliyolipa jina thamani, na mwisho amemdhulumu mnunuzi.

Kuna na sahihi ya kalamu, yaani mtu mashuhuri kutia mkono wake juu ya gitaa lolote. Hiyo ni biashara nyingine. Mtu akija hapa na gitaa la namna hiyo, msinunue wino.

Sasa tuondoe kosa moja kubwa. Watu wengi husema, “Limetengenezwa China, basi ni bandia.” Si kweli hata kidogo. Jina la Epiphone ni mali ya Gibson wenyewe, na magitaa mengi ya Epiphone hutengenezwa China, hata yale yenye jina la Les Paul. Jina la Squier ni mali ya Fender, nayo hutengenezwa Indonesia na China. Ni magitaa ya bei nafuu, na ni ya kweli, kwa kuwa yanasema wazi yalikotoka. Na tuwaambie maoni yetu bila kuficha: mfanya kazi wa Lodwar mwenye Shs. 40,000/- akinunua Squier, amenunua chombo kitakachomfanyia kazi miaka mingi. Akizipeleka fedha hizo hizo kwa gitaa linalojidai kuwa Gibson, amenunua uongo uliopakwa rangi.

Wala umbo peke yake si ushahidi. Gibson ilikuwa na kiwanda katika mji wa Kalamazoo tangu mwanzo wa karne iliyopita. Mwaka 1984 kilifungwa na kazi ikabaki Nashville, mbali sana na hapo. Baadhi ya wafanya kazi wa zamani hawakutaka kuhama. Mwaka 1985 walianza kutengeneza magitaa yao wenyewe ndani ya jengo lile lile la Kalamazoo, wakayaita Heritage. Ukiyaona kwa mbali utadhani ni Les Paul. Lakini kichwani wameandika jina lao wenyewe. Mikono ni ile ile, jengo ni lile lile, na hakuna mnunuzi aliyedanganywa. Habari hiyo twaipenda, na ingefaa siku moja tuitolee hotuba yake.

Wazee wa Kiturkana walio hapa mbele wanaelewa haraka kuliko sisi. Kwao ukoo huitwa emachar, na neno hilo hilo ni alama ya moto inayochomwa juu ya ngozi ya mnyama. Mzee akionyeshwa ngamia mwenye alama ya ukoo wake, haridhiki na alama tu. Hulitazama kovu kama limekomaa au ni bichi. Hutazama kama limechomwa juu ya kovu jingine. Hutazama masikio yalivyokatwa, kisha hutazama mnyama mwenyewe, mwendo wake na uzao wake, aone kama mwili unakubaliana na alama. Gitaa hutazamwa hivyo hivyo. Jina la kichwani lina kazi yake, lakini ni lazima liulizwe maswali na mwili mzima.

Tuanze na namba, kwa sababu ndiyo watu wengi huitegemea. Magitaa ya kawaida ya Gibson ya Marekani, kuanzia 1977, yana namba ya tarakimu nane nyuma ya kichwa. Mwaka 2005 zikawa tisa. Zile nane zina maana. Ya kwanza na ya tano zikiwekwa pamoja ni mwaka. Ya pili, ya tatu na ya nne ni siku ya mwaka, kuanzia 001. Tatu za mwisho huonyesha zamu ya gitaa siku hiyo na kiwanda: kabla Kalamazoo haijafungwa, chini ya 500 ilikuwa Kalamazoo, 500 na kuendelea Nashville. Tuchukue namba 82159512. Ya kwanza ni 8 na ya tano ni 9, basi ni mwaka 1989. Katikati ni 215, yaani siku ya 215, nayo ni tarehe 3 Agosti. Mwisho ni 512, basi ni Nashville. Inakubali.

Sasa lile gitaa la ndugu zetu lilikuwa na namba 84317560. Mwalimu mmoja katika kikundi, mwenye kufundisha hesabu, aliandika ubaoni: mwaka 1987, siku ya 431. Akaweka chaki chini, akatuuliza, “Mwaka wenye siku 431 mmeuona wapi?” Siku ile ndiyo mara ya kwanza watu walicheka tangu ugomvi uanze.

Lakini angalieni sana. Namba mbaya yaweza kuthibitisha uongo, ila namba nzuri haithibitishi ukweli. Mwenye kughushi aliye na akili hunakili namba ya gitaa la kweli, akaipiga juu ya magitaa mia. Na tena kanuni hii ina nyakati zake. Mwaka 1994 magitaa mengi ya Gibson yalianza na 94 bila kufuata mpango huo, na kuanzia 2014 mwaka huandikwa mwanzoni kwa tarakimu mbili. Magitaa ya karakana yao maalum yana namba za namna nyingine kabisa. Kwa hiyo mtu asiyejua kanuni ya mwaka husika asitoe hukumu. Pamoja na namba, pitisheni kidole. Katika Gibson ya Marekani ya miaka hiyo namba imegandamizwa ndani ya mbao, pamoja na maneno “Made in U.S.A.”, na rangi imepita juu yake. Mkiona imeandikwa kwa wino, au imechimbwa kwa mstari mwembamba ulio sawa mno, ulizeni zaidi.

Tuje kichwani, upande wa mbele. Karibu na mahali nyuzi zinapoingia shingoni kuna kifuniko kidogo chenye umbo la kengele. Chini yake kuna ncha ya chuma kinachopita ndani ya shingo kuizuia isipinde. Katika Gibson ya kweli kifuniko hiki hushikwa na skrubu mbili. Katika bandia nyingi ni tatu. Epiphone nazo nyingi zina tatu, lakini Epiphone haijiiti Gibson. Fungueni kifuniko chenyewe, ni kazi ya dakika moja. Gibson hutumia nati inayoshikwa kwa nje na spana ya bomba. Bandia nyingi zina tundu la pembe sita la kuingiza ufunguo. Gitaa la ndugu zetu lilikuwa na skrubu tatu na tundu la pembe sita. Ishara hizo mbili zilikuwa mbele ya macho ya kila mtu tangu siku ya kwanza.

Ligeuzeni tena, mtazame nyuma ya shingo, pale inapokaribia kichwa. Shingo ya Les Paul ya kweli kwa kawaida ni mti mmoja mpaka kichwani, isipokuwa vipande vidogo viwili vilivyogundishwa pembeni kuongeza upana. Mwenye kughushi huokoa mbao kwa kuunga kichwa na shingo kwa mkato wa mshazari. Kiungo hicho huonekana kama mstari chini ya rangi. Maseremala walio hapa wataujua mara moja. Ikiwa rangi ni nyeusi nzito mahali hapo tu na kwingine ni nyepesi, jiulizeni kwa nini.

Kisha daraja, kile chuma ambacho nyuzi hupita juu yake. Hukaa juu ya vijiti viwili. Bandia nyingi huwa na skrubu nene mbili ambazo juu zina mfereji mpana wa bisibisi, kubwa hata huonekana katika picha ya simu. Katika Gibson ya Marekani ya kawaida hamtauona mfereji mpana wa namna hiyo.

Sasa fungueni kifuniko cha nyuma, kwa sababu humo ndani ndimo mwenye kughushi hupunguza gharama zaidi, akiamini kuwa mnunuzi haendi sokoni na bisibisi. Vile vya mviringo vinavyozungushwa kuongeza na kupunguza sauti, katika gitaa la kweli huwa vikubwa na vizito. Katika bandia huwa vidogo, vya namna ile iliyomo katika redio ya bei rahisi. Nyaya huwa nyembamba kama za taa za sikukuu, na lehemu imedondoka ovyo. Ndiyo sababu fundi wa redio alijua kabla ya mpiga gitaa. Hata hapa hatuwezi kushika ishara moja tu, maana katika miaka ya karibuni Gibson wenyewe wameweka ubao wa saketi badala ya nyaya katika baadhi ya magitaa yao.

Gitaa la Clapton lina jaribio lake, nalo ndilo tulipendalo kuliko yote. Clapton alitaka sauti iongezwe nguvu ndani ya gitaa lenyewe. Kwa hiyo ndani ya gitaa hilo mna saketi ya kuongeza sauti inayotumia betri ya volti 9. Mwenye kughushi huinakili sahihi ya kichwani vizuri sana, kwani ni karatasi ya kubandika. Saketi hainakili, kwa kuwa ina gharama. Basi mtu akikuletea gitaa lenye sahihi ya Clapton, muulize kwa upole, “Ndugu, betri inakaa wapi?” Tena katika gitaa hilo mtambo wa kutikisa nyuzi umezuiwa kwa kipande cha mti nyuma, kwa kuwa mwenyewe hautumii. Jina linadai mambo haya, na mwili ukiwa hauna, jina limewekwa tu.

Sasa neno kwa ajili ya nchi yetu, ambalo hamtalikuta katika maelezo ya makampuni. Joto na ukavu wa Turkana huumiza mbao. Mti hunywea, vyuma haviwezi kunywea. Baada ya miezi michache hapa, gitaa la kweli kabisa laweza kuwa na ncha za freti zilizotokeza ubavuni na kukuna kiganja. Rangi yaweza kupasuka nyufa nyembamba. Vumbi la upepo wa mchana likiingia katika vile vidhibiti vya sauti, hukwaruza hata kama ni vya gharama kubwa. Kwa hiyo msije mkamwita mwenzenu mwizi kwa sababu gitaa linakuna mkono au linakwaruza. Hayo ni magonjwa ya hapa, na dawa yake ni tupa ndogo, dawa ya kusafishia umeme, na kutoliacha gitaa juu ya kabati la mabati au ndani ya gari adhuhuri. Skrubu tatu hazisababishwi na jua. Siku ya 431 haisababishwi na vumbi.

Bei nayo husema. Les Paul mpya ya kawaida ya Marekani huuzwa kwao kwa dola zaidi ya 2,000, yaani zaidi ya robo milioni ya shilingi zetu kabla ya nauli na ushuru. Lililotumika hupungua bei, ndiyo, na mtu anayehama huuza kwa haraka. Kwa hiyo Shs. 70,000/- peke yake haikuwa ushahidi wa uongo, ila ilikuwa sababu ya kutoa bisibisi.

Na msidhani kwamba sisi tu wa pembeni ndio tunaodanganywa kwa ujinga. Mwaka 2024 maofisa wa forodha wa Marekani walitangaza kwamba wamekamata katika bandari za Los Angeles na Long Beach magitaa ya bandia zaidi ya 3,000 yenye jina la Gibson, yaliyotoka Asia. Kama yangekuwa ya kweli yangekuwa na thamani ya dola zaidi ya milioni 18. Yaliingia katika nchi ile ile ambako Gibson yenyewe hutengenezwa.

Tumalizie kwa sheria, kwa kifupi. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008, na mamlaka ya serikali inayoisimamia. Mtu anayeuza bidhaa bandia akitiwa hatiani mara ya kwanza aweza kufungwa hadi miaka mitano, au kutozwa faini isiyopungua mara tatu ya thamani ya bidhaa hizo, au vyote viwili. Na iko Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ya zamani zaidi, isemayo kwamba kitu kinachouzwa kwa maelezo ni lazima kilingane na maelezo yake. Lakini maelezo yakiwa ya mdomo, mtayathibitishaje? Kwa hiyo ombeni karatasi, hata iwe ya daftari la mtoto, iliyoandikwa jina la gitaa, namba yake, bei na tarehe, na watu wawili watie sahihi. Mkilipa kwa simu, hifadhini ule ujumbe. Mtunza hazina wetu alilipa kwa simu, na ujumbe ule wa Shs. 70,000/- ndio uliomwokoa siku ile. Hakuwa na kitu kingine cha kumtetea.

Katika suluhu yetu lilitokea neno ambalo hatutalificha. Mmoja wa wale saba alisema, “Sisi tumekwisha kudanganywa. Kuna kanisa huko Lokichoggio wanatafuta gitaa. Tuwauzie kwa Shs. 70,000/- mambo yaishe.” Kulikuwa kimya kirefu, na twakiri kwamba wengine walikuwa wanafikiri. Hasara ya Shs. 70,000/- ni kubwa kwa mtu mwenye mshahara wa mfagiaji. Ndipo mama mmoja, mwimbaji wao, akauliza ni nani atakayewapelekea wale wa kanisani, na atawatazama vipi akiwapa. Hakuna aliyejitolea kwenda. Kwa sheria vile vile, mpaka siku ile walikuwa watu waliodanganywa. Kama wangeliuza hali wanajua, wangekuwa wauzaji.

Walichofanya ni hiki. Yule Mkongo alirudisha Shs. 25,000/- kwa hiari yake, wiki mbili kabla ya safari, ingawa naye alikuwa amepoteza. Kikundi kikabaki na gitaa. Seremala wao akapiga msasa kichwa chote hata jina likatoweka. Fundi wa redio akaweka vidhibiti vipya na nyaya mpya kwa Shs. 4,500/-. Sasa linashika nyuzi, na Jumamosi iliyopita lilipigwa harusini. Mbao zake si mbaya. Limeacha tu kujiita lisilo lake.

Waliomtuhumu mtunza hazina walimwomba radhi mbele ya mkutano, isipokuwa mmoja, naye yumo humu ndani leo, na mtunza hazina yumo pia.

Hotuba hii itasomwa tena Kakuma mwezi ujao, kwa sababu wengi wa wapigaji wa huko ni wakimbizi na hawawezi kuja Lodwar bila kibali. Huko kuna wapigaji hodari kuliko sisi, na kuna vijana wanaojifunza kwa magitaa ya debe waliyojitengenezea, kama inavyosimuliwa kuwa Franco wa Kongo alianza hivyo akiwa mtoto. Atakayesafiri na msomaji na aseme sasa, ili aandikwe.

Gitaa lenyewe liko hapa mezani, kichwa chake cheupe, kifuniko kimefunguliwa, na vile vidhibiti vya zamani vimewekwa kando yake mvione. Ziko bisibisi mbili, tochi na kioo kidogo. Mlioleta magitaa yenu, pangeni mstari kuanzia mlangoni. Wa Kakuma watangulie, kwani gari lao laondoka saa nane.